Abayudaya wa Mbale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uongozi wao na maisha kati ya majirani Waislamu na Wakristo

Kila inapotajwa habari ya Wayahudi wa Uganda, maswali huwa yaleyale: ni Wayahudi kweli? Nani aliwafundisha? Wanaelewana na Waislamu? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu, mengine kwa kirefu na mengine kwa mistari michache. Shabaha yangu ni mambo mawili: jinsi jamii ndogo ya wakulima ilivyojijengea viongozi wake yenyewe, na jinsi ilivyojifunza kushirikiana na watu wa dini nyingine bila kuikana yake.

Abayudaya ni akina nani?

Ni Waafrika wa mashariki ya Uganda, wengi wao wakulima, wanaofuata dini ya Kiyahudi. Idadi yao inakadiriwa kufika 2,000 hivi. Wanaishi katika vijiji vya Mbale na wilaya za jirani. Kitovu chao ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Jina lao ni la Kiganda, maana yake watu wa Yuda.

Hawadai kutoka katika kabila lililopotea la Israeli. Asili yao inajulikana vizuri, na inaanzia kwa mtu mmoja: Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha nchi ya mashariki, kisha akakosana nao alipoona hawampi ufalme aliotarajia. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, akahamia kwa Wamalaki, madhehebu yaliyoshika Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Huko pia hakutulia. Aliendelea kuisoma Biblia, akashikilia kwamba Torati ifuatwe yote, tohara ikiwemo. Masimulizi ya jamii yanasema alipoambiwa kuwa tohara ni ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe.

Mwaka uliofuata alifika Myahudi mmoja kutoka Ulaya, anayekumbukwa kwa jina la Yosefu tu, akakaa nao miezi kama sita akiwafundisha kalenda, sala na taratibu za chakula. Kakungulu alifariki 1928. Waliobaki walikuwa na Biblia, sheria alizowaandikia, na mafundisho waliyoyakariri. Rabi, yaani mwalimu na kiongozi wa dini ya Kiyahudi, hawakuwa naye.

Je, hawa ndio wale wa "Mpango wa Uganda" wa 1903?

Hapana. Huu ni mkanganyiko wa kila siku, hata kwa watu waliosoma. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wapewe ardhi Afrika Mashariki. Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Kizayuni iliyowatafutia Wayahudi nchi yao, alilipeleka pendekezo hilo mbele ya Kongamano la Kizayuni mjini Basel, likazua mabishano makali, na mwaka 1905 likakataliwa. Ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, kule Eldoret ya leo, yaani Kenya. Kakungulu hakuhusika kwa lolote.

Enzi za Idi Amin walifanyaje?

Walijificha. Amin aliwafukuza Waisraeli mwaka 1972, na utawala wake ukapiga marufuku ibada ya Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa. Wengine waligeukia Ukristo au Uislamu, baadhi kwa hofu na baadhi kwa kuchoka tu. Inakadiriwa kuwa jamii ya watu wapatao 3,000 ilipungua ikabaki na watu 300 hivi, waliosali majumbani kwa sauti ya chini.

Majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Kwa kalenda ya Kiyahudi jioni hiyo ndiyo iliyofungua Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajaacha kulisimulia hilo, na nani angewalaumu?

Baada ya hapo uongozi ulifufuka vipi?

Kupitia vijana. Wazee waliobaki walikuwa wamechoka, na baadhi yao waliona ni salama zaidi kuendelea kunyamaza. Katika miaka ya 1980 kikundi cha vijana kilianza kukusanyika Nabugoye, kulima pamoja, kujifunza Kiebrania kwa vitabu vichache walivyopata, na kutunga nyimbo za Zaburi kwa Kiganda. Waliuita mpango wao kibutzi, wakiiga vijiji vya ujamaa vya Israeli. Walidai pia kilima kirudishwe mikononi mwa jamii, na madai hayo yaliwaingiza matatani na serikali.

Humo ndimo walimotoka viongozi wote waliojulikana baadaye: Joab Jonadab Keki, ambaye wengi humwita J. J.; Aaron Kintu Moses, aliyejikita katika elimu; na Gershom Sizomu, aliyekuja kuwa rabi. Hao watatu ni ndugu. Muziki wao ndio uliowatangaza duniani kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 2003 Smithsonian Folkways, kampuni ya muziki ya Marekani, ilitoa mkusanyiko wa nyimbo zao, nao ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Hakuna aliyewapeleka kwenye semina ya uongozi kwanza. Walianza na jembe, nyimbo na ugomvi wa ardhi, na mafunzo rasmi yakaja yakiwakuta tayari wanaongoza watu. Naona mpangilio huo ni bora kuliko ule tuliouzoea, wa mtu kupewa cheti halafu kutafutiwa wa kuwaongoza.

Rabi wao alisomea wapi?

Kabla ya kusoma ilibidi hadhi yao itatuliwe. Februari 2002 marabi wa mkondo wa Kihafidhina (Conservative), ulio kati ya Orthodox wenye msimamo mkali na ule wa Mageuzi (Reform), kutoka Marekani na Israeli walifika Mbale, wakaketi kama mahakama ya dini, wakawahoji watu mmoja mmoja na kuwasimamia walipozama majini kwa mujibu wa sheria. Mamia waliingizwa rasmi katika Uyahudi. Baadhi ya wazee walijiuliza kwa nini mtu aliyeishika Sabato tangu utotoni aambiwe aingie upya. Wengi walikubali, wakilichukua kama uthibitisho wa walichokuwa nacho tayari.

Mwaka 2003 Sizomu alikwenda Los Angeles, katika shule ya marabi ya Ziegler iliyo chini ya American Jewish University. Alisoma miaka mitano na akasimikwa 2008. Angeweza kupata sinagogi Marekani, pamoja na mshahara wake. Alirudi Nabugoye, akafungua shule ya kufundisha viongozi wa dini ili vijiji vingine visimtegemee yeye kwa kila ndoa na kila maziko.

Hilo la mwisho ndilo kipimo. Jamii nyingi za dini ndogo hupeleka kijana mmoja mwerevu ng'ambo, na akirudi kila kitu kinapita mkononi mwake. Akiugua, ibada inasimama. Hapa wasomaji wa Torati na waongoza sala wamefunzwa kijiji kwa kijiji.

Wanawake wana nafasi gani?

Nabugoye wanawake huhesabiwa katika idadi ya watu kumi inayohitajika kwa sala ya pamoja, na husoma Torati mbele ya watu. Hatua kubwa zaidi ilikuja 2024: Shoshana Nambi, aliyezaliwa na kulelewa katika jamii hii, alisimikwa rabi na chuo cha Hebrew Union College cha Marekani, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kufikia daraja hilo. Ni mkondo wa Mageuzi huo, si ule wa Kihafidhina aliosomea Sizomu.

Ilikuwaje rabi akawa mbunge katika eneo lenye Wayahudi wachache?

Kwa kura za Wakristo na Waislamu, maana hesabu nyingine haipo. Sizomu aligombea akashindwa, akagombea tena, na mwaka 2016 akashinda kiti cha Bungokho Kaskazini kwa tiketi ya chama cha upinzani cha FDC. Alikuwa Myahudi wa kwanza kuingia Bunge la Uganda, akatumikia hadi 2021.

Wapiga kura hawakuwa wameshawishika na theolojia yake. Walikuwa wamezijua shule na kituo cha afya ambavyo jamii yake ilisimamia, na walikuwa wameuona ushirika wa kahawa. Katika siasa za vijijini, mtu aliyekuletea maji na dawa huulizwa dini yake baadaye, kama ataulizwa kabisa.

Hiyo kahawa ni ipi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo habari ya dini mbalimbali inapoacha kuwa maneno.

Tarehe 11 Septemba 2001, J. J. Keki alikuwa mgeni New York. Asubuhi ile alikuwa akielekea kutembelea majengo pacha, akashuhudia kwa macho yake yaliyotokea. Alirudi nyumbani na swali moja: watu wa dini tofauti huku kwetu tunagawana visima, mipaka ya mashamba na misiba, je, tunaweza kujenga kitu kitakachotufunga pamoja kabla hasira za huko hazijafika huku?

Wakati huo bei ya kahawa duniani ilikuwa imeporomoka hadi chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Miteremko ya Elgon hutoa arabika nzuri, na watu wa Bugisu, eneo hilo la Mbale, wana historia ndefu ya ushirika, maana chama chao kikuu kilianzishwa 1954. Lakini mkulima mmoja mmoja alikuwa akiuza kwa mchuuzi anayefika na mizani yake, akitaja bei yake. Keki alipita nyumba kwa nyumba, kwa Waislamu, Wakatoliki, Waanglikana na Wayahudi wenzake, akiwaomba waunganishe mazao. Mwaka 2004 ushirika ulisimama, ukaitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Kulanu, shirika la Kiyahudi la Marekani, lilisaidia kutafuta mnunuzi. Kampuni nyingi zilikataa. Iliyokubali ni Thanksgiving Coffee ya Fort Bragg, California, iliyoahidi kununua kwa bei ya biashara ya haki (fair trade), inayomhakikishia mkulima malipo ya kutosha. Ahadi ya bei ndiyo iliyowaleta wengine. Wakulima mia kadhaa walijiunga, na Wayahudi, waliokuwa na wazo, wakawa wachache ndani ya chama walichokianzisha.

Vyeo viligawanywa kwa dini tangu mwanzo: Mwislamu, Mkristo na Myahudi wote wawemo katika uongozi wa juu, ili asitokee wa kusema chama ni cha wengine. Mtu anaweza kuuita mgawanyo wa vyeo vya kisiasa, nami sikatai. Lakini chama cha mazao huvunjika kwenye pesa, na mweka hazina wa dini nyingine anayekagua daftari la mwenyekiti ni kinga nzuri kuliko hotuba kumi za maelewano. Kahawa mbivu ikipimwa, ratili ni ratili. Mkulima wa Kiislamu akichanganya mbichi na mbivu, anaharibu bei ya Myahudi, na Myahudi akifanya hivyo anaharibu ya Mkristo. Basi wanakaguana, wanakemeana, wanafundishana.

Nyimbo nazo zilifuata. Wakulima walitunga za kuhimizana kupanda kahawa na kuishi kwa amani, kwaya za kanisani na vikundi vya Kiislamu vikiwemo. Mwaka 2013 Smithsonian Folkways ilizitoa.

Hawakai pamoja kujadili dini?

Hukaa, lakini hawaanzii hapo. Nimeona mikutano ya aina hiyo katika miji yetu: sheikh anasema Uislamu ni amani, askofu anasema Ukristo ni upendo, chakula cha mchana kinaliwa, picha inapigwa, na hakuna anayejua jina la mwenzake wiki ijayo. Mbale mazungumzo ya dini huja yenyewe, kwenye harusi, matangani, au mtu anapouliza kwa nini jirani hakuleta kahawa Jumamosi. Anayeuliza na anayejibu wameshajuana.

Shule na kituo cha afya ni njia ya kuwaingiza watu katika Uyahudi?

Swali hili huulizwa kwa shaka, na shaka hiyo ina haki yake, maana tumeona misaada mingi yenye ndoano. Jibu ni hapana. Dini ya Kiyahudi haitafuti waumini. Mapokeo yake yanamtaka rabi ampe mtu muda wa kufikiri kabla ya kumpokea. Shule ya msingi ya Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu huandikisha watoto wa Kiyahudi, Kiislamu na Kikristo. Kituo cha afya cha Tobin, kilichofunguliwa Mbale mwaka 2010 kwa msaada wa shirika la Be'chol Lashon la Marekani, humtibu yeyote anayefika. Vyandarua vya mbu viligawiwa kwa majirani wote, na hapo busara ya kawaida inatosha: mbu akimng'ata jirani yako leo, kesho yuko kwako.

Vipi kuhusu nyama?

Uganda, kama ilivyo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mchinjaji wa nyama ya biashara kwa kawaida ni Mwislamu, na Wakristo hula bila neno. Abayudaya huchinja wenyewe kwa sheria yao. Nyama ya nguruwe hawali wote wawili, Myahudi na Mwislamu, na hilo hurahisisha karamu za pamoja kuliko mtu anavyodhani. Kwenye sherehe ya mchanganyiko mara nyingi suluhisho ni matoke, maharage na samaki mwenye magamba.

Na Jumamosi?

Jumamosi ndiyo Sabato, siku wasiyofanya kazi, na ndiyo mtihani, hasa kwa wanafunzi. Masomo na mitihani ya chuo huweza kuangukia siku hiyo. Katika hili Wayahudi wana wenzao, Waadventista Wasabato, ambao ni wengi zaidi. Wanafunzi wa Kiadventista waliishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kuhusu masomo na mitihani ya Jumamosi, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2006 wakashindwa. Hukumu ile iliwagusa Abayudaya pia, ingawa hawakuwa walalamikaji.

Wao kwa wao wanakubaliana?

Si wote. Kijiji cha Putti kinafuata mkondo wa Orthodox, na hakikuridhika na taratibu za Kihafidhina zilizotumika Nabugoye. Tofauti ni za kweli: nani ahesabiwe katika watu kumi wa sala, wanawake waketi wapi, marabi gani wana mamlaka ya kumpokea mtu. Pande hizo zinaishi karibu, zina undugu wa damu, na wakati mwingine ni rahisi kwao kuelewana na Mwislamu kuliko na Myahudi wa kilima cha pili. Yeyote aliyeishi kwenye mtaa wenye misikiti miwili au makanisa manne atalifahamu hilo bila kuelezwa.

Serikali ya Israeli inawatambua?

Kwa kiasi, na kwa shida. Jewish Agency, shirika la Kiyahudi linaloshughulikia uhamiaji wa Wayahudi kwenda Israeli, liliitambua jamii hii mwaka 2016. Lakini mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ilikataa ombi la Mwabayudaya mmoja la kuhamia huko chini ya Sheria ya Kurudi, inayompa Myahudi haki ya kuhamia Israeli. Nyuma ya suala hili kuna mvutano wa muda mrefu ndani ya Israeli, kati ya marabi wa Orthodox na mikondo mingine, kuhusu nani ana haki ya kumpokea mtu katika Uyahudi. Wengi wa Abayudaya, hata hivyo, mashamba yao yako Mbale na hawana mpango wa kuhama.

Udhaifu wao ni upi?

Fedha za nje. Shule, kituo cha afya, sinagogi jipya la Stern lililofunguliwa Nabugoye mwaka 2016, vyote vimebebwa na wafadhili wa Marekani. Mfadhili akichoka, au uchumi wa huko ukiyumba, mwalimu wa Mbale hasikii hotuba. Anasikia mshahara umechelewa. Kahawa ni mojawapo ya vyanzo vichache vinavyotokana na jasho la wenyeji, na bei yake haitabiriki.

La pili ni uongozi kukaa muda mrefu ndani ya ukoo mmoja. Ndugu watatu walifanya kazi kubwa mno, hilo halina ubishi, lakini kizazi cha baadaye kinahitaji majina mengine. Kusimikwa kwa Nambi ni dalili njema. Nyingine ni vijana waliosoma Kampala na nje, wanaorudi na maswali magumu kuhusu mahesabu.

Kuna jamii nyingine za Kiyahudi karibu nasi?

Nairobi kuna sinagogi la zamani, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1912. Liliasisiwa na Wayahudi wahamiaji, na jengo la sasa ni la miaka ya 1950. Tofauti kabisa na hilo ni jamii ndogo ya Wakenya weusi wa Kasuku, Nyandarua, wakulima waliouacha Ukristo na kujifunza Uyahudi, ambao wana uhusiano wa karibu na Abayudaya.

Nikitaka kuwatembelea, nizingatie nini?

Kutoka Kenya unavuka Malaba au Busia, unapita Tororo hadi Mbale, kisha bodaboda hadi Nabugoye. Wasiliana nao kabla ya kwenda; ni kijiji cha watu wenye kazi zao. Ukitaka kuona ibada, fika Ijumaa kabla jua halijazama na ulale hukohuko. Kuanzia hapo hadi Jumamosi usiku usipige picha, usirekodi, usitoe pesa mfukoni mbele yao wala usimwombe mtu akufanyie biashara, hata ya kofia ndogo za kufuma ambazo siku nyingine wangekuuzia kwa furaha. Mwanamume avae kofia ndani ya sinagogi. Kanzu na kofia ya Kiislamu hazina tatizo. Kama wewe ni mkulima wa kahawa, njoo msimu wa kuvuna na uulize kuhusu bei, maana hapo utapata mazungumzo marefu.